Jinsi Mama wa Hinaran Alivyotoka Kanisani

Kitongoji cha Hinaran,
Mkoa wa Albay,
Visiwa vya Ufilipino.

Jumapili, 20 Oktoba 1935

Mpendwa kaka yangu, Manoy Moning,

Pokea salamu za dada yako Pula, pamoja na za wote tuliobaki hapa chini ya mlima wa moto. Hujambo? Mgongo je? Katika barua yako ya Julai ulisema unaukanda kwa mafuta ya nazi kila ukitoka kwenye miwa, nami tangu siku hiyo nauwaza mgongo huo kama ni wangu. Tafadhali usibebe mafungu mawili kwa mpigo ili kuwaonyesha wenzako huko Hawaii kwamba watu wa Albay wana nguvu. Hata ukibeba moja watakuamini.

Sisi ni wazima, ukiuliza uzima wa mwili. Nanay, mama yetu, jino lake la mwisho limeng'oka, na anajivuna kwamba sasa hana tena kitu kinywani cha kumuuma isipokuwa ulimi wake mwenyewe. Mume wangu Ambrosio anapanda kila siku kule juu kuchuna nyuzi za abaka, ingawa nimemsihi apumzike mpaka mvua zipite. Nyati wetu wa kulimia amezaa dume. Mwanangu Pasita ametimiza miaka mitano. Sikio lake la kushoto bado halisikii, lakini hilo la kulia linasikia hata yasiyomhusu.

Mvua imeanza juzi. Nakuandikia nimekaa mlangoni, si kwa sababu ya mwanga, ila nipate kusikia sauti ya maji korongoni. Ukiona mwandiko umekatika ghafla na kuanza upya, ujue niliinuka kwenda kusikiliza.

Kitambaa ulichoomba kimo humu ndani ya bahasha. Nanay ndiye aliyekigusisha kwenye picha ya Mama Maria. Mimi sikuthubutu, na sababu utaijua sasa hivi.

Uliniandikia kwamba mwenzako mmoja wa chumbani alisoma gazetini habari za Mama wa Hinaran, kwamba picha ya Bikira Maria ilitoka kanisani kwa miguu yake ikaenda kulizuia tope la mlima. Ukasema: "Pula, wewe upo hapo hapo, hebu niambie ilianzaje hasa, maana hawa wananicheka." Manoy, hukujua unamuuliza nani. Tangu Novemba iliyopita mpaka mwezi huu hapakuwa na mtu chini ya jua aliyejua ilianzaje isipokuwa mimi. Nimekuwa nikiogopa kila mtu aliyefungua kinywa kuniuliza, hata watoto.

Sasa nakwambia wewe yote.

Picha yenyewe unaikumbuka. Ni ile ya ubao, ndogo, ya kubebeka kwapani, iliyokuwa nyuma ya pazia la bluu juu ya altare ya kikanisa chetu. Uso wa Mama umefifia, na pembeni mwa Mtoto mchwa walikuwa wamekula. Haikuwa na jina wala sikukuu. Padre alipokuja kutoka mjini mara moja kwa mwezi hakuitazama. Lola Teopista, bibi wa wote, peke yake ndiye aliyeifuta vumbi, na sisi watoto tulikuwa tunamwigiza mwendo wake, unakumbuka? Yeye na mzee wake Policarpo, yule mwenye mguu mfupi, ndio waliokuwa walinzi wa kikanisa. Hawakujaliwa mtoto, basi wakakilea kikanisa.

Mwaka jana, Novemba, kilipita kimbunga. Mvua ilipiga siku tatu bila kuvuta pumzi. Daraja la kwenda mjini likaondoka siku ya kwanza. Ambrosio alikuwa upande wa pili wa korongo na wachunaji wenzake, na maji yakawafungia huko. Nanay alikuwa mjini kwa shangazi. Mimi nilikuwa peke yangu na Pasita, katika nyumba yetu ile ya zamani kando ya korongo.

Siku ya tatu, Alhamisi asubuhi, Pasita alishikwa na homa. Alipochemka kama chungu, degedege likamwanza. Macho yakageuka, meno yakakaza, mgongo ukapinda kama upinde. Nilimtia kijiko mdomoni, nikamwaga maji kichwani, nikamwita jina lake. Likamwachia, halafu likamrudia. Daktari yuko mjini na daraja halipo. Nilitoka nje nikapiga kelele, lakini mvua ilikuwa inapiga kelele kunishinda.

Ndipo likanijia wazo ambalo sijui lilitoka wapi. Nilimfunga Pasita kwenye mkeka asidondoke, nikakimbia mpaka kikanisani. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Ndani hapakuwa na mtu. Nilipanda juu ya kiti, nikaingiza mkono nyuma ya pazia, nikaichomoa picha kutoka kwenye fremu yake, nikaizungushia gunia. Pazia nikalirudisha vizuri, Manoy. Hilo ndilo linalonionyesha kwamba nilijua ninalofanya. Mtu asiyeiba harudishi pazia.

Nilijiambia nitairudisha kabla ya rozari ya jioni. Nilimlaza Mama juu ya kifua cha mwanangu, nikapiga magoti. Sikuwa na sala nzuri. Nilisema, "Na wewe ulikuwa na mtoto," basi, nikarudia hilo hilo mpaka midomo ikakauka. Homa haikushuka. Degedege lilirudi mara mbili na Mama akiwa juu ya kifua chake. Nakwambia hili kwa sababu kwenye gazeti hawakuliandika.

Saa kumi hivi nilisikia korongo limenyamaza. Mvua inapiga lakini korongo limenyamaza. Wewe umezaliwa hapa, unajua maana yake: huko juu kitu kimeziba. Halafu ikaja harufu ya kiberiti, halafu ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu, na mngurumo ukaja kutoka juu kama mikokoteni mia inapita kwenye daraja la mbao. Sikuona kitu. Nilimbeba Pasita begani, nikaikwapua picha kwapani, nikatoka mbio kuifuata njia ya mwinuko.

Pale kwenye lile jiwe kubwa ambapo njia inagawanyika, degedege likamshika mwanangu tena. Alijinyoosha begani kwangu kama gogo, nusura aniponyoke. Nilihitaji mikono yote miwili. Manoy, nilimtupa Mama. Sikumweka chini. Nilimtupa kama mtu anavyotupa kuni akimwona nyoka. Gunia lilibaki limening'inia mkononi mwangu, ubao ukaanguka kifudifudi, na nikasikia uso wake ukipiga kwenye udongo. Sikugeuka nyuma. Nilimkumbatia mwanangu, nikapanda.

Sasa niandike yaliyotokea kule chini, ambayo sikuyaona kwa macho yangu. Niliyasikia baadaye kwa watu thelathini na mmoja.

Lola Teopista alipousikia mngurumo alipiga kengele. Wa nyumba za chini wote wakakimbilia kikanisani kama kawaida yetu siku za kimbunga, kwa kuwa ndilo jengo pekee la mawe. Waliingia wakafunga mlango, wakapiga magoti. Lola Teopista akaenda kuvuta pazia ili wamwone Mama. Akakuta fremu tupu.

Wanasema alitoa ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia. "Mama hayupo! Mama ametoka!" Mwingine akauliza ameibiwa? Lola akamjibu, "Nani amwibe siku kama ya leo, mpumbavu wewe? Ametoka! Yeye ametoka, sisi tumekaa tunangoja nini? Inukeni tumfuate!" Akafungua mlango akatoka kwenye mvua, na wote wakamfuata wakilia, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wengine wakimlaani kwamba amewaharibia kimbilio.

Policarpo peke yake hakutoka. Alisema, "Ameanguka tu nyuma ya altare. Nilishasema ule msumari umeoza. Tangulieni, namtoa nakuja." Akachechemea kurudi ndani. Ndilo neno lake la mwisho ambalo watu walilisikia.

Walipofika kwenye jiwe la njia panda walimkuta Mama. Amesimama, Manoy. Mgongo kwenye jiwe, uso kwenye korongo, mvua inamwosha. Wote thelathini na mmoja wanasema hivyo hivyo, hata mtoto wa Eulogia ambaye hajui kudanganya. Walianguka chini palepale nyuma yake. Na ndipo tope lilipokuja, na mawe makubwa kama nyumba yakicheza ndani yake. Likazifunika nyumba za chini. Likabomoa ukuta wa kikanisa kama mkate mkavu, na Policarpo ndani. Likapanda njia kuwafuata. Lilipofika hatua saba kutoka kwenye jiwe lilipinda, likashuka mkono wa kushoto mpaka mtoni.

Wasingetoka, wangekufa wote. Na wasingetoka kama fremu isingekuwa tupu.

Mimi nilikuwa kule juu kwenye mwinuko chini ya migomba, mwanangu amelegea mikononi sijui kama anapumua. Nikawaona wanapanda. Lola Teopista mbele, amembeba Mama kifuani, wengine nyuma wanaimba huku wanatetemeka meno. Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kusema, naapa nilitaka. Lakini Lola aliponiona alipiga magoti kwenye matope mbele yangu, akauweka ule ubao kwenye paji la uso wa Pasita, akasema, "Mama, hata huyu." Jasho likamtoka mwanangu. Akafumbua macho, akaomba maji.

Ningesemaje, Manoy? Niambie wewe. Ningefungua vipi mdomo wangu saa ile?

Nikanyamaza. Na kunyamaza ni kama kulaza nyoka ndani ya nyumba. Siku ya kwanza unasema kesho nitamtoa. Siku ya kumi humjui tena alipo, ila unajua yumo.

Basi hivyo ndivyo ilivyoanza. Mama akawekwa darasani, kwenye shule. Jumapili ileile watu wa kitongoji cha jirani walikuja na mishumaa. Krismasi wakaja wa mjini, mwezi Machi wakaja kutoka Legaspi kwa miguu, wengine pekupeku, wengine wakitembea kwa magoti kuanzia daraja jipya. Alhamisi ikawa siku yake. Wakaliita lile jiwe Kituo cha Mama, na mama wajawazito wanafunga vitambaa kwenye mti wa jirani. Wagonjwa wanalala hapo. Kipofu mmoja wa Kamalig alisema ameona mwanga, ingawa mkewe alisema bado anagonga vikombe. Tenyente Severo, mkuu wa kitongoji, akatengeneza mabenchi. Na kila Alhamisi Lola Teopista anasimama mbele ya watu na kusimulia jinsi Mama alivyotoka kwa miguu yake, na jinsi Policarpo wake alivyokufa akimtafuta Mama. Anasimulia bila kulia. Anasema mzee wake alikufa kifo cha watakatifu.

Nami nakaa benchi la nyuma. Anapofika kwa Policarpo natazama chini. Kwa maana alikufa akitafuta kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiiba.

Nilikonda mpaka Ambrosio akadhani nina kifua. Nilikuwa nikiota naingiza mkono nyuma ya pazia na mkono mwingine unanishika. Nilikuwa nikiwauliza watu mmoja mmoja, kwa ujanja, kama ninapiga soga tu: "Hivi nani aliyefika kwanza pale kwenye jiwe? Nani aliyemsimamisha?" Nilitaka apatikane mtu, hata mmoja, aniambie ni yeye aliyemwinua kutoka kwenye matope. Wote walinitazama kama nimerukwa na akili. "Hakuna aliyemsimamisha, Pula. Alikuwa amesimama." Na kwenye njia ile, kati yangu na wao, hapakupita mtu. Hilo lilinitisha kuliko wizi.

Mwezi wa Septemba ikaja habari kwamba askofu anamtuma padre kuchunguza. Padre Kanuto, mtu mwembamba mwenye miwani, mwenye karani wake na daftari. Kila mtu wa Hinaran ataapa kwa kushika Injili na kusema alichokiona. Tenyente Severo alipita nyumba kwa nyumba akifurahi kama anatangaza harusi. Alipofika kwangu alisema, "Wewe Pula ndiwe shahidi mkubwa, mwanao alipona mikononi mwake! Vaa gauni zuri."

Nilifikiria kukimbia. Nilifikiria kusema naumwa. Nilifikiria kuapa uwongo, na nilipofikiria hilo niliutazama mlima. Siku ile ulikuwa wazi mpaka kileleni, unatoa moshi kidogo tu, kama mtu anayengoja jibu. Nikajua siwezi.

Jumatatu tarehe saba mwezi huu, sikukuu ya Rozari, niliitwa. Niliketi mbele ya meza. Niliweka mkono juu ya Injili, karani akakishika kitabu upande wa pili. Padre Kanuto akasema, "Usiogope, binti. Sema ulichokiona tu."

Nikamwambia, "Padre, picha haikutoka kwa miguu yake. Nilimwiba mimi."

Kalamu ya karani ikasimama. Padre akamwonyesha kwa kidole aendelee kuandika. Nikasema yote, kama nilivyokuandikia wewe, gunia na pazia na degedege. Alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu aliyeshasikia mengi. Nilipofika kwenye jiwe nikasema, "Nilimtupa kifudifudi."

Hapo akavua miwani. "Unasema ulimwegemeza kwenye jiwe."

"Hapana, Padre. Nilimtupa."

"Labda uliangalia vibaya. Ulikuwa na hofu, mvua inanyesha. Labda aliangukia ukingo akasimama."

"Nilisikia uso wake unapiga kwenye udongo. Na jiwe lilikuwa nyuma yangu, mbali kama kutoka hapa mpaka mlangoni."

Kisha akamwambia karani, kwa sauti ya chini, "Andika yote mawili. Kwamba aliiba, na kwamba ilianguka kifudifudi." Akanigeukia. "Unajua, binti, ungeweza kuniambia ulimsimamisha wewe. Kazi yangu ingekwisha leo, nami ningerudi nyumbani." Nikaona, Manoy, kwamba na yeye alikuwa anaogopa. Mikono yake ilikuwa inaikunja na kuikunjua ile miwani.

Nilipotoka nje nilitaka kufa. Kuta za shule yetu ni mianzi, unazijua, hazifichi hata kikohozi. Nusu ya kitongoji walikuwa wamekaa pale wakisubiri zamu yao. Na karibu kabisa na ukuta, kwenye benchi, alikuwa ameketi Lola Teopista. Rozari ilikuwa mikononi mwake lakini vidole havitembei. Nilisema, "Lola." Aliinuka, akanipita, akaenda zake.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kisimani wanawake walihamisha ndoo zao nilipofika. Mtu alitupa tope mlangoni kwangu. Tenyente Severo, aliyeniambia nivae gauni zuri, alisimama barabarani akapaza sauti: "Miezi kumi na moja unatuangalia tunapiga magoti, unacheka moyoni, siyo? Mwizi wa Mama!" Eulogia, ambaye mwanawe alikuwa kati ya wale thelathini na mmoja, alimjibu kutoka dirishani, "Na wewe Severo, mabenchi yako bado unataka tukae au tusikae? Asingeiba ungekuwa unapiga kelele kutoka wapi?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekuja nyumbani kwangu.

Ambrosio aliposikia alishuka kutoka kule juu. Usoni hakuwa na hasira. Mwishoni alisema tu, "Ungeniambia mimi kwanza, Pula. Umekaa na hili peke yako kitandani kwangu." Hilo lilinichoma kuliko tope la mlangoni.

Nilimwogopa Teopista. Kila mtu mwingine ningevumilia. Nilikuwa najiambia, atakuja kunilaani, na laana ya mjane huyu itamshika Pasita. Nilimficha mwanangu kwa Nanay.

Siku ya tano asubuhi alikuja. Alikuwa amebeba bakuli la magimbi ya kupikwa kwa tui, limefunikwa kwa jani. Aliliweka mezani, akakaa bila kukaribishwa. Nilibaki nimesimama.

Akasema, "Kaa. Shingo inaniuma kukutazama."

Nikakaa.

"Msumari haukuwa umeoza," akasema. "Alikuwa ananiambia kila wiki umeoza, na mimi namwambia haujaoza. Siku ile aliporudi nyuma ya altare, alitaka anionyeshe kwamba alikuwa sahihi. Miaka arobaini na mbili nimeishi na mtu huyo. Namjua. Nimekuwa nikiwaambia watu alikufa kifo cha watakatifu. Alikufa kifo cha mbishi."

Nilianza kulia. Nikamwambia, "Lola, nimemuua."

"Usininyang'anye na hilo," akasema kwa ukali. "Nilimwacha mimi. Nilimsikia anasema tangulieni, nikatangulia. Sikugeuka. Unadhani wewe peke yako hukugeuka siku ile?"

Mvua ilikuwa bado haijaanza, jogoo wa jirani anawika hovyo. Baadaye akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kweli ulisikia uso wake unapiga chini?"

"Kweli, Lola."

"Kifudifudi."

"Kifudifudi."

Akajikunyata kwenye shali yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Teopista anaogopa. "Nilikuwa nadhani alitoka kututafuta sisi," akasema. "Mwanamke anatoka kwenye nyumba yake, hilo naelewa, nikalisimulia hata nikalizoea. Lakini aliyetupwa matopeni na mtu aliyemwamini, halafu akainuka mwenyewe na kwenda kukaa mbele ya watu wale wale... Huyo simjui, Pula. Huyo namwogopa."

Nikamwambia, "Mimi namwogopa tangu siku ile."

"Basi tumwogope wawili," akasema. "Mmoja hatoshi."

Alisema Alhamisi atakuwa anasimulia habari kama ilivyokuwa, na Policarpo kama alivyokuwa, ila sehemu ya kutupwa nitaisema mimi kwa mdomo wangu, maana yeye hakuwepo. Nilimsihi asinifanyie hivyo. Yeye akaanza kunipakulia magimbi.

Alhamisi iliyopita nilisimama mbele ya watu. Sijui nilisema nini. Nilipofika kwenye kumtupa nilisikia nta ya mishumaa inadondoka. Nilidhani watanipiga. Mama mmoja ambaye simfahamu, mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, alikuja mbele akanishika mkono akauliza, "Na ulipomtupa, hakumwacha mwanao?" Nikamwambia hakumwacha. Akarudi kukaa, akilia. Hayo ndiyo tu.

Padre Kanuto amerudi kwa askofu na daftari lake. Watakachoamua sijui. Usiwaambie wenzako kwamba ni muujiza, wala usiwaambie si muujiza. Waambie dada yako aliiba picha akaitupa, na anayetaka kucheka anicheke mimi.

Jambo la mwisho, Manoy, nalo ndilo lililonifanya nikalie kiti hapa mlangoni. Jana mchana Lola Teopista alikuja na watu wanne, wamembeba Mama. Shule iko chini mno, mvua zimeanza, na nyumba yetu hii mpya ndiyo iliyo juu kuliko zote. Nilikataa. Nilimwambia amweke kwa mtu yeyote, asimweke kwangu. Alimtundika ukutani bila kunisikiliza, akaupima msumari kwa kuuvuta mara tatu. Kisha akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Siku ukiogopa tena, mchukue ukimbie naye. Lakini safari hii piga kelele, mjinga wewe, tujue pa kukimbilia."

Nanay anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usioe huko bila kumwonyesha picha ya msichana. Ambrosio anakusalimu. Pasita anakusalimu kwa sikio lake zima. Wasalimie nawe Leoncio wa shangazi na vijana wote wa Albay mnaokaa nyumba moja. Eulogia na mwanawe pia wanakutakia heri.

Mungu akufunike pande zote, mbele usikoona na nyuma usikogeuka, na Mama akuombee hata kama amechoka nasi.

Nimeinuka mara nane nikiandika barua hii. Korongo bado linapiga kelele, ashukuriwe Mungu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Crispula